Mjenzi wa Dohani Aliyesafisha Jina la Wifi Yake

Jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya mapaa, na Mama Dohani tayari amepiga magoti juu ya paa la kiwanda kidogo cha mikate, mwiko mkononi, kitambaa kimefungwa puani. Chini yake, mwanamke mwenye kilemba cha kijani anamrushia matofali, moja baada ya jingine. Kila tofali linatua kiganjani kama lililoagizwa.

"Wifi, rusha kwa adabu!" anapaza sauti Mama Dohani. "Hilo ni tofali, si kinyongo."

"Daka tu. Ukianguka nitasema ulijirusha mwenyewe," anajibu wa chini, na waokaji waliosimama mlangoni na aproni zao za unga wanaangua kicheko.

Dohani ni lile bomba la matofali linalotoa moshi jikoni na kuupeleka juu ya paa. Mama huyu wa miaka arobaini na kitu amekuwa akizijenga tangu usichana wake, akianzia kumkandia udongo baba yake aliyekuwa mwashi. Leo jina lake halisi wanalijua wachache. Kwa wenye hoteli, wakuu wa shule na wenye nyumba za kupangisha, yeye ni Mama Dohani tu.

Anashusha timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, anafumba jicho moja, anatikisa kichwa, anabomoa tofali la mwisho na kulipanga upya. Kisha anashuka, anawasha konzi ya majani makavu ndani ya tanuri na kusubiri. Moshi unazungukazunguka kama uliopotea njia, halafu unavutwa juu wote kwa pamoja. Waokaji wanapiga makofi.

Mwenye kiwanda anadhani kazi imekwisha. Mama Dohani bado. Anazunguka chumba cha tanuri, anapapasa chini ya mlango, anafungua stoo iliyo pembeni na kukuta godoro.

"Hapa analala nani?"

"Kijana anayekanda unga. Anaamka mapema sana, kwa hiyo akilala hapa anaokoa nauli," anajibu mwenye kiwanda.

"Na baridi ikizidi?"

"Anachota makaa ya tanuri kwenye karai. Yakishakuwa mekundu hayana moshi, mama. Hayana neno."

Mama Dohani anamgeukia mwenzake. "Wifi, lete tindo na nyundo. Ukuta huu unatobolewa leo, juu na chini." Mwenye kiwanda anaanza kulalamika kwamba hakukuwa na mapatano ya kutoboa ukuta. "Sitakudai kitu kwa matundu," anamkatiza. "Ila bila matundu mimi siondoki hapa, na dohani yako naishusha tofali kwa tofali."

Matundu yanatobolewa.

Anayewaona wakipokezana nyundo na kutaniana hivi hawezi kujua kwamba kwa karibu miaka kumi na minane wanawake hawa wawili hawakusemezana. Mmoja alikuwa amefiwa na kaka yake. Mwingine, mke wa huyo kaka, alikuwa amefukuzwa matangani akiitwa muuaji.

Ilikuwa msimu wa mvua. Kaka yake Mama Dohani alikuwa fundi wa baiskeli, mchekeshaji, mtu wa kupiga mluzi anapokaza spoku. Yeye na mkewe walikuwa wamepanga chumba kimoja chenye dirisha dogo, katika nyumba ya wapangaji wengi. Mama Dohani, wakati huo binti ambaye hajaolewa, alikwenda kuwasalimia.

Wifi alikuwa mfanya usafi wa zamu ya usiku hospitalini. Jioni ile alipika, akafunika sufuria, akawaaga. "Alituambia tusimwachie ukoko peke yake," anakumbuka Mama Dohani. "Tukacheka. Ndiyo mara ya mwisho sisi watatu kucheka pamoja."

Baridi iliwazidi. Kaka yake akaacha jiko la makaa nje mpaka moshi ukaisha, kama afanyavyo kila mtu mwangalifu, ndipo akaliingiza ndani. Makaa yalikuwa mekundu, mazuri kutazama. Akafunga mlango, akasokota gazeti na kuliziba dirisha lililokuwa likipitisha upepo.

"Nilianza kuumwa kichwa. Nikamwambia, kaka, hata mimi chakula kimenikaa vibaya. Kwa sababu na yeye alikuwa ameshasema tumbo linamchafuka. Nikainuka niende nje kutapika. Miguu ikakataa. Nakumbuka sakafu tu, baridi ya sakafu shavuni."

Wifi ndiye aliyewakuta aliporudi kutoka kazini. Mumewe alikuwa amelala kitandani, amekwisha kufa. Mama Dohani alikuwa amelala kifudifudi mlangoni, anapumua kwa mbali.

Wote wawili walikuwa wametapika. Midomo ya marehemu ilikuwa myekundu, jambo ambalo waliomwosha hawakuwahi kuliona. Jiko lilikuwa limeshazimika, majivu matupu, hakuna aliyelitupia jicho. Hakuna aliyedai maiti ipimwe, na mazishi yakafanyika upesi. Wakati binti aliyenusurika angali amelazwa, hajui hili wala lile, ukoo ulikuwa umeshapata jibu.

Walikula watu wawili. Aliyepika hakula. Aliyepika yu mzima.

"Mimi nilikula kazini, kama siku zote za zamu," anasema Wifi. Anaongea taratibu, akikwangua udongo uliokauka kwenye vidole. "Lakini ungemwambia nani? Mama mkwe alisimama mbele ya watu akasema, toka, umeniulia mwanangu. Nikatoka na kanga niliyovaa. Nilikuwa na mimba changa. Mume wangu ndiye pekee aliyejua."

Mama Dohani alipopata nafuu, aliambiwa habari hiyo kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Kichwa kilikuwa kinamuuma bado, na tumbo alilikumbuka lilivyomchafuka. Alikuwa na sababu gani ya kubisha? Wifi alikuwa ameshahama, hajulikani alipo.

Miaka ikaenda. Baba yake akafariki, naye akarithi mwiko na timazi. Watu walimcheka mwanzoni, mwanamke kwenye paa. Yapo majengo alikofukuzwa kabla hajaweka hata tofali moja. Ujira ulikuwa wa kubahatisha, leo upo kesho haupo, na kuna msimu alilala nyumba anazojenga kwa kukosa kodi. Lakini dohani zake zilivuta moshi, na moshi ndio uliomtangazia biashara. Hivyo ndivyo alivyofika, miaka miwili iliyopita, katika shule ya wasichana iliyotaka dohani mpya jikoni.

Jiko la shule limepakana na maabara. Mchana mmoja alikuwa juu ya ngazi, dirisha la maabara likiwa wazi usawa wa sikio lake. Ndani, mwalimu wa kemia, mwanamke kijana mwenye sauti ya kuuza sokoni, alikuwa amesimama mbele ya mizani.

"Vitu vinapoungana kuwa kitu kipya, haviungani ovyo ovyo," alikuwa akisema. "Kila kitu kina kipimo chake cha uzito. Chukua kaboni, hiyo iliyomo kwenye makaa. Kaboni ya gramu tatu ikipata hewa ya kutosha inashika oksijeni ya gramu nane. Hewa ikipungua, inashika nne. Nne au nane. Tano je?"

"Hapana!" wasichana wakaitikia.

"Sita?"

"Hapana!"

"Hapa hakuna kupatana bei. Hata mkilia, ni nne au nane. Sasa ile ya nane ndiyo mnayoitoa puani kila mkipumua. Na hii ya nne? Kaboni ile ile, oksijeni ile ile, uzito wa oksijeni umepungua nusu tu. Hii inaua."

Mama Dohani anasema alitabasamu pale kwenye ngazi, akifikiri jinsi watoto wa siku hizi wanavyosoma mambo. Kisha mwalimu akaendelea. Haina rangi. Haina harufu. Haina moshi. Inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anapata kichefuchefu, anatapika, anaishiwa nguvu za miguu. Akifa, huenda midomo yake ikawa myekundu.

Mwiko ulimtoka mkononi ukaangukia bati. Darasa zima likageuka.

"Nilishuka ngazi sijui vipi," anasimulia. "Nikajikuta nimesimama mlangoni mwao, udongo mpaka kwenye viwiko. Nikasema, mwalimu, samahani. Naomba urudie. Hiyo ya nne, inatoka wapi?"

Mwalimu hakumcheka wala hakumfukuza. "Niliona uso wake," mwalimu aliniambia nilipomtembelea maabara ile ile, yenye meza zilizobabuka kwa tindikali na mabomba matatu, moja tu linalotoa maji. "Nikawapa wasichana zoezi, nikatoka naye nje. Akanieleza habari ya kaka yake. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamuuliza swali moja: chumbani mlikuwa na jiko?"

"Nikamwambia, ndiyo, lakini halikuwa na moshi," anasema Mama Dohani. "Akanishika mkono. Akasema, dada, moshi si ndio wenye huruma? Moshi unakukohoza ukatoka."

Kilichofuata ni urafiki ambao wote wawili wanauzungumzia kwa kupokonyana maneno. Jioni baada ya jioni, kazi ikiisha, Mama Dohani aliketi maabara. Mwalimu alimchomea waya wa magnesiamu, metali nyepesi inayoungua, kwenye kijungu, wakapima kabla na baada. Wakarudia kwa waya mrefu zaidi, kisha mfupi zaidi. Majivu meupe yaliyobaki yalikuwa na uwiano ule ule kila mara, magnesiamu gramu tatu kwa oksijeni gramu mbili.

"Mimi nilipima majivu, yeye akapima uaminifu wangu," anatania mwalimu. "Kila tukimaliza anasema, rudia. Na yeye naye akanifundisha. Mimi nilijua hesabu za kaboni na oksijeni, lakini sikuwahi kujua kwamba kile kimwali cha moto wa buluu kinachocheza juu ya makaa ndiyo hiyo gesi ya nne inayoungua ikipata hewa, kugeuka ya nane. Yeye amekitazama maisha yake yote. Tukakaa tukalifikiri pamoja mpaka likaeleweka."

Siku moja Mama Dohani alifinyanga madonge ya udongo. Moja la uzito wa tatu, akalipaka masizi likawa jeusi. Mawili mengine, kila moja la uzito wa nne, akayapaka chokaa. Jeusi moja na jeupe moja. Jeusi moja na meupe mawili. Akayaweka kwenye mfuko wa vifaa vyake, akaenda kumtafuta wifi yake, akiulizia mtaa kwa mtaa.

Alimkuta uani kwa watu, anafua mashuka ya nyumba ya wageni. Nywele zilikuwa zimeanza mvi.

"Wifi," akamwita.

"Mimi si wifi wa mtu."

"Nimekuja kukwambia kilichomuua kaka."

Mwanamke yule hakuinua macho. Aliendelea kufikicha shuka. Mama Dohani akachuchumaa upande wa pili wa beseni na kueleza yote, makaa, dirisha lililozibwa kwa gazeti, kichefuchefu, midomo myekundu. Akatoa madonge, akayaweka juu ya jiwe la kufulia. Jeusi na meupe mawili, unapumua. Jeusi na jeupe moja, unakufa.

Wifi aliacha kufua. Akaligusa lile donge jeusi kwa kidole chenye povu.

"Kwa hiyo si mafuta," akasema.

"Mafuta gani?"

"Mafuta ya kupikia. Yale nilinunua kwa kupimiwa, kwenye chupa iliyotumika. Siku zote nimekuwa nikijiambia, labda ile chupa ilikuwa na kitu. Labda kweli nilimuua mimi, bila kujua."

Ndipo Mama Dohani alipolia. Anasema mpaka siku ile alifikiri wifi yake alibeba hasira. Hakujua kwamba alibeba shaka. Mwanamke huyu alikuwa amemlea mtoto wa marehemu peke yake, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kupikia mgeni.

Kumwambia wifi ilikuwa kazi moja. Kuuambia ukoo ilikuwa nyingine.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa mama yake mzazi, chumba chenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma na picha ya marehemu juu ya kabati. Alikuwepo mama, baba mkubwa ambaye ndiye msemaji wa ukoo, mwalimu wa kemia, na mwanamke mmoja wa makamo ambaye wazee hawakumtambua. Wifi hakuitwa.

Baba mkubwa alisikiliza habari ya nne na nane, na ya mtoto aliyezaliwa baada ya msiba, huku amekunja mikono. "Hayo ya vitabuni sawa," akasema. "Lakini wewe ulikuwa humo humo. Mbona ulipona? Hiyo hewa inachagua?"

"Nilianguka mlangoni, baba mkubwa. Mlango ule ulikuwa na mwanya chini, hata panya walipita. Pua yangu ilikuwa pale. Kaka alikuwa kitandani, mbali na mwanya."

Baba mkubwa akamgeukia mwalimu. "Na wewe, mwanangu, unaweza kuapa?"

"Kuapa siwezi, mzee," mwalimu akajibu. "Marehemu hakupimwa. Ninachoweza kusema ni kwamba makaa yakikosa hewa hayana hiari. Yatashika nne. Na kila dalili niliyosimuliwa ni ya hiyo nne. Kuhusu chakula, kuna anayejua kuliko mimi."

Mwanamke yule mgeni akajongea kwenye ukingo wa kiti chake. Alikuwa mpangaji wa chumba cha jirani enzi hizo. Mama Dohani alikuwa amemsaka kwa kuuliza majirani wa zamani, akitaka tu kujua kama kuna mtu anakumbuka lile jiko. Badala yake akapata zaidi.

"Jioni ile marehemu aliniletea bakuli," yule mama akasema. "Huyu dada alikuwa bafuni anaoga. Chakula kile kile, sufuria ile ile. Nilikula mimi na wanangu, tukalamba. Hatukuumwa hata kichwa. Niliposikia watu wanasema sumu, niliogopa. Nikaona nikifungua mdomo nitaunganishwa. Nikahama."

Mama mzazi alikuwa ameyashika madonge muda wote, jeusi mkono mmoja, jeupe mkono mwingine, kama anayapima.

"Hii ya nne ina harufu?" akauliza.

"Haina, mama."

"Rangi?"

"Haina."

"Ikamwingia mwanangu amelala."

"Ndiyo, mama."

Mama mzazi aliyaweka madonge kwenye mapaja. "Nilimfukuza mtoto wa watu matangani," akasema. "Mbele ya watu. Kumbe ana mimba ya mwanangu."

Baba mkubwa akashauri wifi aitwe, kikao kipangwe upya, mambo yaende kwa utaratibu. Mama alikwenda chumbani, akatoka amevaa viatu. "Nionyesheni anapoishi," akasema. "Nilimfukuza kwa miguu yake. Nitamfuata kwa miguu yangu."

Wanaosimulia kisa hiki hupenda kimalizikie hapo, kwa kukumbatiana. Wifi mwenyewe hakubali. "Sikumkumbatia," anasema bila kuficha. "Nilimpa kiti. Akapiga magoti, nikamwinua kwa sababu ni mtu mzima, siwezi kumwangalia hivyo. Akasema, nisamehe mwanangu. Nikamwambia, nimekusikia, mama. Basi. Kusikia ndiko nilikokuwa nako siku ile."

Mama mkwe alikubali kusikiwa. Alirudi mwezi uliofuata, na mwingine. Wakati mwingine walikaa tu, mmoja anakunja mashuka, mwingine anamshikia ncha. Siku moja Wifi akapika, akapakua sahani mbili, akasimama na upawa mkononi akisubiri. Bibi akala mpaka akamaliza, akaomba aongezewe.

"Hapo ndipo kitu kilipolegea," Wifi anasema, akigusa kifua.

Aliacha kufua mashuka akaanza kukanda udongo. Mama Dohani anakiri kwamba hajapata msaidizi kama huyo. "Ana jicho. Mimi naangalia dohani, yeye anaangalia watu. Akiingia nyumba cha kwanza anauliza, nani analala wapi." Ndiyo maana leo hakuna kazi wanayoipokea bila kukagua vyumba vya jirani na jiko. Matundu hutoboa bure. Wakati wa mapumziko hutoa madonge, na waokaji, wapishi na wapangaji hukusanyika kujionea kinachotokea makaa yanaponyimwa hewa. Mwalimu wa kemia naye huwaalika shuleni kila anapofika kwenye somo hilo.

Hapa kiwandani, yule mkandaji wa unga, kijana mwenye mabega mapana, amemaliza kusikiliza. Anakwenda stoo, analitoa karai la makaa nje na kulimwagia maji. "Nitaomba blanketi la pili," anasema, na mwenye kiwanda, baada ya kutazamwa na wanawake wawili kwa pamoja, anaitikia kwamba litapatikana.

Mipango yao ni mikubwa kuliko mfuko. Wanataka kuwafundisha wanawake wengine ujenzi wa dohani, na wameanza kuwaendea wenye nyumba za kupangisha, mlango kwa mlango, wakiwaomba kila chumba kiwe na tundu lisilozibika. Wengine wanawafungulia mlango, wengine wanawafungulia mbwa. Mama Dohani anasema watarudi tu.

Lakini nikimuuliza anatamani nini kuliko yote, hataji kazi. Anamtaja binti wa kaka yake, msichana wa miaka kumi na tisa anayemwita shangazi kwa sauti yenye mluzi wa baba yake ndani yake. Binti huyo ameshakwenda kwa bibi yake mara kadhaa, mchana. Anakula, anaosha vyombo, anaaga kabla jua halijazama. Kulala bado.

Safari hii, shule zikifungwa, amesema atalala. Bibi ameshafua mashuka mara mbili, na juma lililopita Mama Dohani na Wifi walikwenda kutoboa chumba atakacholala, juu na chini, kisha wakatoboa na vingine vyote.

"Nataka mama amwone mtoto wa mwanawe amelala katika nyumba yake," anasema Mama Dohani, akiufuta mwiko kwa kipande cha gunia. "Halafu asubuhi amsikie anaamka, anaitikia, anadai chai."